Kijana ashikwe mkono, asiandikiwe

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Kila mwaka ifikapo mwezi Mei, vijana wetu wa Kidato cha Sita huingia katika vyumba vya mitihani, na misikitini dua huombwa kwa ajili yao. Mwezi Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo, simu hupigwa huku na kule, wazazi hupongezana, na wengine hutoa sadaka ya shukrani. Kisha waumini hutawanyika, kila mmoja akidhani kwamba kazi imekwisha. Kwa hakika kazi haijaisha. Baina ya matokeo ya mtihani na mlango wa chuo upo mto mpana, na ndani ya mto huo huzama vijana waliofaulu. Hawazami kwa uchache wa akili wala kwa uvivu. Huzama kwa kukosa mtu wa kuwaonesha kivuko kilipo.

Tahariri yetu ya mwezi huu inakusudia kuzungumzia jambo hilo: kumtafutia kijana msaada nje ya nyumba yake pale anapotafuta chuo na kupeleka maombi. Tunasema mapema kwamba msaada huo si aibu wala si anasa. Kwa wazazi wengi wetu ni jambo la lazima. Lakini msaada una mpaka wake, na mpaka ukivukwa, aliyekuja kuokoa ndiye anayezamisha.

Mzigo ulivyo hivi leo

Mzazi aliyesoma zamani anaweza kustaajabu kwa nini jambo hili linahitaji msaidizi. Na astaajabu, kwani mambo yamebadilika zaidi ya mara moja. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilianzisha mfumo mmoja wa udahili, ambamo kijana alijaza maombi mahali pamoja akapangiwa chuo. Mwaka 2017 utaratibu huo uliachwa, na waombaji wakarudi kupeleka maombi moja kwa moja vyuoni. Maana yake ni kwamba kijana anayeomba vyuo vitatu huingia katika mifumo mitatu, hulipa ada tatu, na hutunza maneno ya siri matatu.

Kabla hajafika huko, kijana anatakiwa ajue anastahiki nini. Kipimo cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa mhitimu wa Kidato cha Sita wa miaka hii ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi ambayo jumla ya pointi zake haipungui 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini hicho ni kizingiti cha uani tu. Kila programu ina kizingiti chake chumbani: masomo yanayotakiwa, pointi zinazotakiwa, na pengine ufaulu wa hisabati au Kiingereza wa Kidato cha Nne. Udaktari wa binadamu, kwa mfano, hutaka Fizikia, Kemia na Bayolojia zote tatu, na jumla ya pointi isipungue 6. Haya yote yameandikwa katika mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa bila malipo, lakini ni kitabu kirefu, kimeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, na ni wazazi wangapi miongoni mwetu wamewahi kukifungua?

Kwa anayekwenda ngazi ya chini ya shahada, njia ni nyingine. Huko msimamizi ni Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), na kwa kozi nyingi za astashahada sifa ya kuingilia ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya Kidato cha Nne, yasiyo ya dini. Tunalitaja hili kwa makusudi. Wapo vijana wetu ambao katika masomo manne waliyofaulu moja ni Maarifa ya Uislamu, nao hujihesabu kuwa wametimiza sharti, mpaka maombi yanaporudi yamekataliwa. Elimu ya dini haijapungua thamani yake kwa sababu hiyo, ila aliyekuwa na jukumu la kumweleza kijana hesabu ilivyo hakumweleza.

Kisha huja mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Kwa miaka kadhaa ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000. Mwombaji hutakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa ndugu zetu wa Zanzibar. Aliyefiwa na mzazi huambatanisha cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Anayetoka katika kaya inayohudumiwa na TASAF huonesha ushahidi wake. Kila mwombaji anahitaji mdhamini, saini za serikali ya mtaa, na muhuri wa hakimu au wakili. Karatasi moja ikikosekana, maombi huhesabiwa kuwa pungufu.

Katika karatasi hizo kuna mtego unaowanasa watoto wa Kiislamu zaidi ya wengine, nao ni mtego wa majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Muhammad, cheti cha Kidato cha Nne kinasema Mohamed, na kitambulisho cha taifa kinasema Mohammed. Mmoja ni Abdallah nyumbani na Abdala shuleni. Mwingine ameandikishwa kwa jina la babu pale palipotakiwa jina la baba. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja, ama kwa mashine ni watu watatu. Kusawazisha majina kwa hati ya kiapo si kazi ngumu, lakini huchukua siku, na siku ndizo ambazo kijana hana pindi dirisha linapofunguliwa.

Hana siku kwa sababu wakati huo wengi wao wako kambini. Tangu mwaka 2013 utaratibu wa kuwapeleka wahitimu wa Kidato cha Sita katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria ulirejeshwa, na miezi ya mafunzo hayo hukutana na miezi ya maombi. Kijana yuko porini akikimbia mchakamchaka, vyeti vyake viko kabatini Temeke au Tanga, na baba yake aliyeishia darasa la saba anasimama mbele ya duka la steshenari akiwa na noti mkononi, haulizi kitu ila moja: "Mwanangu, nisaidie kumjazia huyu."

Nani anamsaidia hivi sasa?

Tukitazama mitaani mwetu, tunawaona wasaidizi wa aina tatu.

Wa kwanza ni ndugu au jirani aliyewahi kusoma chuo. Huyu ana huruma, na mara nyingi hachukui kitu. Upungufu wake ni kwamba anakijua chuo alichosoma yeye na utaratibu wa mwaka aliosoma yeye. Aliyeingia chuo mwaka 2014 hana habari ya yaliyobadilika mwaka 2017, naye hujibu kwa kujiamini kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Wa pili ni kijana wa steshenari. Tusimdharau, kwani bila yeye wengi wasingefika popote. Anajua kubonyeza, anajua kupakia picha, anajua namba ya malipo inapatikana wapi. Lakini amelipwa kujaza fomu. Hakulipwa kufikiri. Nyuma yako wamepanga foleni watu 20. Ukimwambia "mwandikie udaktari," ataandika udaktari, wala hatauliza matokeo ya Fizikia.

Tunamjua binti mmoja aliyepata B ya Bayolojia, C ya Kemia na S ya Fizikia. Kwa masomo mawili ya kwanza alikuwa na pointi 7, na milango ya shahada kadhaa ilikuwa wazi mbele yake, ikiwemo ualimu wa Kemia na Bayolojia ambao nchi hii inauhitaji mno. Lakini S si ufaulu wa somo la msingi, hivyo mlango wa udaktari ulikuwa umefungwa tangu siku ya matokeo. Mzazi alitaka udaktari, duka likajaza udaktari katika vyuo vitatu, na ada tatu zikalipwa. Awamu ya kwanza ikapita mikono mitupu, na hakuna aliyejua sababu. Binti yule alilia akidhani kwamba Mola wake amemfungia riziki. Alichokosa ni mtu mmoja wa kukaa naye dakika 10 na kumsomea ukurasa mmoja wa mwongozo.

Tunamjua pia kijana aliyekubaliwa na vyuo viwili. Kwa mujibu wa utaratibu, aliyekubaliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya uthibitisho kwa simu au barua pepe, ili achague chuo kimoja ndani ya muda uliowekwa. Namba ilitumwa. Lakini namba ya simu iliyoandikwa katika maombi ilikuwa ya mwenye duka, na barua pepe iliyoandikwa ni ya mwenye duka, na mwenye duka ana wateja mamia. Muda ulipita na kijana yuko kambini, hana habari kwamba ameitwa mara mbili na hakuitika hata mara moja.

Wa tatu ni wakala. Wakala mwema yupo, na kazi yake ni halali. Tena TCU husajili mawakala wanaopeleka wanafunzi katika vyuo vya nje, na mzazi ana haki ya kuuliza kama huyu aliye mbele yake amesajiliwa. Lakini ni wajibu wetu kueleza jambo ambalo wazazi wengi hawaliulizi: nani anamlipa wakala huyu? Ikiwa chuo kinamlipa kwa kila kichwa anachokipeleka, basi yeye ni mfano wa dalali wa nyumba. Dalali hakosi sifa za kuisifia nyumba, wala hatakwambia kwamba mtaa wa pili ipo bora na rahisi zaidi, maana ya mtaa wa pili haimpi kitu. Mtu wa namna hiyo anaweza kutumika, lakini asifanywe mshauri.

Ujira halali na ujira wenye shaka

Waumini wengi hutuuliza: je, inafaa kumlipa mtu kwa kazi hii? Jawabu letu ni kwamba kazi ya halali ina ujira wa halali, na fiqhi yetu imeweka wazi masharti ya ijara: kazi ijulikane, ujira ujulikane, na makubaliano yawepo kabla ya kuanza. "Nitakusomea mwongozo pamoja na mwanao, nitamwonesha programu anazostahiki, nitakaa naye mpaka apeleke maombi matatu, na ujira wangu ni kadha." Hiyo ni biashara safi. Ama yule anayesema, "Nipe kiasi fulani, nafasi ya chuo nakuhakikishia," huyo anauza asichokimiliki. Nafasi ni ya chuo, wala si yake. Akiwa hana uwezo wa kuitoa, amekudanganya, na akiwa anao uwezo kwa kupitia mlango wa nyuma, basi hiyo ni rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote wamo ndani yake.

Mwenye kudhani kwamba balaa hili ni la masikini peke yao na atazame Marekani, ambako washauri wa kulipwa wa kutafutia vijana vyuo ni fani kamili yenye watu wake. Mwezi Machi 2019 waendesha mashitaka wa serikali mjini Boston walifichua shauri ambalo kwa jumla liliwafikisha mahakamani watu zaidi ya 50. Kiongozi wao, William Rick Singer wa jimbo la California, alikuwa mshauri wa namna hiyo. Wazazi matajiri walimlipa, naye akapanga majibu ya mitihani yasahihishwe na mtu mwingine, na akawahonga makocha wa vyuo wawaandikishe watoto kuwa ni wanamichezo wa michezo ambayo hawakuwahi kuicheza. Alikiri makosa, na Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Wazazi kadhaa nao walikwenda jela. Na miongoni mwa watoto wale wapo ambao hawakujua kwamba majibu yao yamebadilishwa. Walishangilia alama zisizokuwa zao, mpaka siku walipojua kwamba baba na mama hawakuwa na imani nao. Hasara ya fedha hulipika, lakini mtoto aliyegundua hivyo atalipwa nini?

Nasi tusijione kwamba tumesalimika. Kwetu uongo una sura nyingine. Yupo msaidizi anayemwambia kijana, "Andika kwamba baba amefariki, utapata mkopo mkubwa." Kijana anaandika, na cheti kinatafutwa mahali kinapotafutwa. Ndugu Waislamu, mtoto anamzika baba yake aliye hai kwenye karatasi ili apate fedha ya kusomea! Anaanza safari ya elimu kwa kufuta nasaba yake, na anamnyang'anya yatima wa kweli fungu lake. Baba aliyeketi pembeni akaona saini ile inawekwa na akanyamaza, na ajiulize atategemea nini kwa mtoto huyo siku atakapozeeka.

Kuhusu mkopo wenyewe, hapa si mahala pa kutoa fatwa. Tunataja jambo moja tu la habari, kwa kuwa wapo wazazi wanaowazuia watoto wao kwa kutegemea habari za zamani. Tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni kwa jina la kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Mkopaji anapoajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mwenye shaka na awaendee wanazuoni akiwa na habari sahihi mkononi, kwani jawabu la mufti hufuata maelezo ya muulizaji.

Wanaokwenda kusoma nje

Kwa wanafunzi wa madrasa zetu, njia ya nje ina uzito wa pekee. Wengi hutamani Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, na hutamani vyuo vya Misri na Uturuki. Ni matamanio mema. Lakini wajue kwamba maombi ya Madina hayana ada, na maombi ya ufadhili wa serikali ya Uturuki, ambayo kwa kawaida hupokelewa Januari na Februari, nayo hayana ada. Anayemtoza kijana "ada ya maombi" ya ufadhili huo anauza maji ya mto kando ya mto. Amlipe kwa kufasiriwa vyeti akitaka, amlipe kwa muda wake, lakini kila shilingi ijulikane ni ya nini.

Tena wajue masharti mapema. Madina huweka ukomo wa umri wa miaka 25 kwa shahada ya kwanza, na hutaka cheti cha sekondari kisiwe kimepitwa na zaidi ya miaka mitano. Wapo vijana waliomaliza thanawi wakakaa kufundisha kwa ikhlasi miaka saba, kisha wakakumbuka kuomba wakati mlango umeshafungwa kwa upande wao. Na lipo suala la muadala. Si kila shahada ya thanawi ya madrasa inatambuliwa na kila chuo. Mwalimu anayempokea mtoto wa miaka 12 ana wajibu wa kumweleza mzazi siku hiyohiyo kwamba cheti cha madrasa yake kinafungua milango ipi na hakifungui ipi. Kumficha mpaka mwaka wa mwisho ni khiana.

Aidha, anayetoka nje ya nchi kwa masomo na apitie TCU kwanza, ahakikishe kwamba chuo anachokwenda kinatambuliwa, na achukue hati ya kutokuwa na pingamizi. Vinginevyo hurudi na shahada ambayo waajiri hawaipokei. Na auliziwe hali ya nchi anayokwenda. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, vijana wetu waliokuwa Khartoum walirudishwa nyumbani masomo yakiwa katikati. Hakuna mshauri ajuaye ghaibu, lakini kuuliza ni katika kuchukua sababu.

Hapa tuna neno kwa masheikh na maimamu. Mnaombwa barua za tazkia kila mwaka. Tazkia ni ushahidi, na shahidi hutoa ushahidi kwa analolijua. Kumwandikia kijana usiyemjua kwamba ni mwenye tabia njema na hima ya elimu, kwa sababu tu baba yake amekuomba mbele ya watu, ni kushuhudia usichokishuhudia. Mwite kwanza, kaa naye, msikilize akisoma, muulize anataka nini, kisha andika. Barua fupi ya kweli humfaa zaidi kuliko ukurasa mzima wa sifa zilizonakiliwa.

Kalamu ibaki kwa kijana

Hivyo basi, mpaka wa msaada uko wapi? Sisi tunauona hivi: msaidizi afungue njia, na kijana aipite kwa miguu yake. Amsomeshe mwongozo, lakini kijana achague. Amsahihishie Kiingereza cha barua yake, lakini barua aandike kijana. Amwoneshe mahali pa kubonyeza, lakini mkono uwe wa kijana. Namba ya simu iwe ya kijana au ya mzazi wake, barua pepe iwe yake, na neno la siri aliandike yeye katika daftari lake na alihifadhi yeye. Kijana wa miaka 19 ambaye hakuwahi kujaza fomu yake mwenyewe atasimama vipi peke yake chuoni, ambako hakuna baba wala ustadhi?

Upo faida nyingine ya mtu wa nje ambayo wazazi hawaipendi kuisikia. Mtoto humwambia mgeni mwenye hekima yale asiyoweza kumwambia baba. Baba anataka daktari, mtoto moyo wake uko katika ufundi wa umeme. Baba anataka chuo cha mbali chenye jina, mtoto anamuonea huruma mama aliye mgonjwa na anataka cha karibu. Mshauri mwema husikia, kisha huzileta pande mbili katika shura moja. Utii kwa wazazi ni wajibu, hilo halina mjadala, lakini mzazi naye ameamrishwa uadilifu na huruma, na miaka mitatu au mitano ya kusoma usichokiweza ni mzigo mkubwa.

Wito kwa misikiti yetu

Jambo hili lote linawezekana ndani ya msikiti mmoja wa kawaida. Halihitaji jengo jipya wala wafadhili wa mbali. Tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kila msikiti uteue watu wanne au watano: mwalimu wa sekondari, mhitimu wa karibuni wa chuo, mtu anayejua kompyuta, na walimu wa kike wasiopungua wawili. Tunasisitiza hili la walimu wa kike. Mabinti zetu wanafaulu, lakini ni wao wanaotumwa na kaka zao kujaziwa fomu bila wenyewe kuwepo. Binti akae na mwalimu wa kike, aulizwe yeye anataka nini, na suala la makazi yake chuoni lizungumzwe wazi na wazazi wake kabla ya kuomba, lisingoje siku ya kufunga begi.

Pili, kazi ianze Januari, kabla ya mitihani. Januari na Februari majina ya kila kijana yalinganishwe katika vyeti vyote, na penye tofauti kiapo kichukuliwe. Machi na Aprili vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vipelekwe kuhakikiwa. Mei, baada ya mtihani na kabla ya safari ya kambini, kila kijana aache nyumbani bahasha yenye nakala zote, na aketi na wazazi wake waandike kwa mkono wake programu tano anazozitaka kwa mpangilio. Julai, matokeo yakitoka, kamati ikae msikitini baina ya Magharibi na Isha kwa muda wa siku 10, ikiwa na kompyuta, mashine ya kuchapa na bando la intaneti lililochangiwa na waumini.

Tatu, kamati isifungwe baada ya maombi kupelekwa. Kuna uthibitisho wa chuo, kuna awamu ya pili kwa waliokosa, na kuna rufaa ya mkopo. Wengi hupotea katika hatua hizi za mwisho, watu wakiwa wamekwisha kuchoka.

Nne, masharti ya wasaidizi yaandikwe na kubandikwa ukutani: hawahifadhi neno la siri la mtu, hawaandiki namba zao za simu katika maombi ya mtu, hawapokei chochote kutoka chuo chochote, na hawajazi neno lisilo la kweli hata kama mzazi ameomba.

Tano, mlango huu usifungwe kwa jirani asiyekuwa Muislamu. Mtoto wake anasoma darasa moja na wetu, na haki ya ujirani inajulikana.

Ndugu waumini, tunachanga kwa ajili ya mazulia na vipaza sauti, na hilo ni jema. Tuchange pia muda wa jioni 10 katika mwaka kwa ajili ya watoto tuliowaombea dua mwezi Mei. Dua imekwisha kuombwa, sasa ni zamu ya mikono. Ijumaa hii, baada ya sala, kila mmoja amtafute imamu wake na amuulize swali moja: katika msikiti wetu, nani atakaa na vijana hawa?

Tunamuomba Allah (S.W.) awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, awape wazazi subira na hekima, na awajaalie wanaowasaidia wawe waaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.